Maji ndani ya fuwele za nikeli si unyevu

Mhariri,

Tangu nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ianze kuandikwa mara kwa mara, kuna kauli inayojirudia kila inapotajwa salfeti ya nikeli, ile chumvi ya kijani inayohitajiwa na viwanda vya betri. Husemwa kwamba chumvi hiyo ina unyevu wa asilimia 41, kwamba unyevu huo ni dalili ya ukaushaji hafifu, na kwamba ni hasara kusafirisha maji hadi ng'ambo. Naomba nafasi niisahihishe, kwa sababu kosa hilo halikai kwenye karatasi tu. Linaingia maabara, linaingia ghalani, na mwisho linaingia kwenye hesabu za fedha.

Tarakimu yenyewe ni sahihi. Katika kilo 100 za chumvi hiyo, kilo 41 na kidogo ni maji kweli. Kilichokosewa ni neno "unyevu". Sote tunajua unyevu wa mahindi: kipimo kikisoma zaidi ya 13.5, mkulima anaambiwa akaanike tena. Maji hayo yameingia tu kwenye punje, na yakitoka mahindi yanabaki kuwa mahindi. Salfeti ya nikeli haiko hivyo. Ukiyatoa maji yake yote hupati chumvi ileile ikiwa kavu. Unapata kitu kingine, cha rangi ya njano, chenye fuwele za umbo jingine.

Mfano ulio karibu ni mrututu, anaoujua mkulima wa kahawa na mwanafunzi wa sekondari pia. Mrututu ni salfeti ya shaba, na ubuluu wake unatokana na maji yaliyomo. Ukiupasha moto sana unageuka unga mweupe. Ukidondoshea maji, ubuluu unarudi na unga unapata joto mkononi. Hakuna duka linalouza mrututu wa buluu likidai eti ni mbichi bado. Basi nikeli nayo itendewe haki hiyo.

Kwanza tutenganishe majina mawili yanayochanganywa. Kabanga hakuna salfeti ardhini. Mwamba wa kule una salfaidi, yaani nikeli na chuma vilivyoshikana na salfa bila oksijeni, hasa katika madini yaitwayo pentlandaiti. Salfeti ni bidhaa ya kiwandani: nikeli iliyokwisha kusafishwa huwekwa katika mmumunyo wa asidi ya salfuriki, kisha fuwele hukuzwa kutoka humo. Bidhaa ya kawaida ya biashara ni chumvi ya maji sita, yaani kila nikeli moja na salfeti moja vina molekuli 6 za maji. Uzito wake wa moli (moli ni kipimo cha idadi maalumu ya chembe) ni gramu 262.85, ambapo nikeli ni 58.69 na maji ni 108.09. Gawanya mwenyewe: nikeli ni asilimia 22.3, maji asilimia 41.1. Hesabu hiyo haibadiliki kwa bidii ya mkaushaji, kama vile idadi ya miguu ya meza haibadiliki kwa kuifuta vumbi.

Sasa maji hayo yamekaa wapi? Kila ioni ya nikeli, yaani chembe yake yenye chaji, imezungukwa na molekuli 6 za maji: nne zimekaa kama pembe za mraba, moja juu, moja chini. Umbo hilo, kama piramidi mbili zilizogusana vitako, huitwa oktahedroni. Oksijeni ya kila molekuli ndiyo inayoielekea nikeli, kwa umbali wa takribani angstromu 2.05 (angstromu 1 ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Haidrojeni zote zimetazama nje. Hata rangi inatoka hapa, kwa sababu nikeli iliyozungukwa na oksijeni sita za maji humeza mwanga mwekundu na wa urujuani, ikauacha wa kijani upite. Kandokando kuna ioni za salfeti, kila moja ikiwa na salfa katikati ya oksijeni 4.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba, katika fuwele hii, salfeti haiigusi nikeli hata kidogo. Kati yao kuna maji. Chaji chanya ya nikeli na chaji hasi ya salfeti zinavutana, ndiyo, lakini kinachoamua nani akae wapi na ageukie upande gani ni haidrojeni za yale maji.

Aliyewahi kujenga nyumba ya fito ataelewa upesi. Nguzo na fito hazisimami kwa kuegemezwa tu, bali kwa kufungwa, na mafundo ni mengi kuliko nguzo. Ndani ya fuwele hii maji ndiyo kamba. Ukizifungua kamba kwa kisingizio cha kupunguza uzito, hutabaki na nyumba nyepesi, utabaki bila nyumba.

Fundo lenyewe huitwa bondi ya haidrojeni. Ndani ya molekuli ya maji, oksijeni huzivutia kwake elektroni, hivyo haidrojeni hubaki na uchanya kidogo. Ikikutana na oksijeni nyingine yenye elektroni za ziada, kama zile za salfeti, huielekea na kushikamana nayo. Haidrojeni hubaki karibu na oksijeni yake ya asili, kwa umbali wa angstromu 0.97 hivi, na ile ya pili huwa umbali wa 1.8 hivi. Kutoka oksijeni hadi oksijeni ni kati ya 2.7 na 2.9. Tena vitu hivyo vitatu hupenda kukaa karibu katika mstari mmoja. Pembe ikipinda sana, mshiko hulegea. Kwa nguvu, bondi moja ya namna hii ni takribani kilojuli 20 kwa moli, wakati ile ya ndani ya maji, kati ya oksijeni na haidrojeni yake, ni 460 hivi. Moja ni dhaifu. Ila kila nikeli inazungukwa na haidrojeni 12, na zote zinatafuta pa kushika. Kisha kuna jambo la kuongeza: maji yaliyokwisha kushikwa na nikeli yamevutwa elektroni zake zaidi, kwa hiyo haidrojeni zake zina uchanya mkubwa kuliko za maji ya kwenye glasi, na bondi zinazofunga ni imara zaidi.

Hapo hesabu ndogo inasaidia, na ningependa kila mwalimu wa kemia aifanye ubaoni. Haidrojeni ni 12, oksijeni za salfeti ni 4. Kila oksijeni ya salfeti inapokea wastani wa bondi 3. Zimejaa. Hakuna nafasi tupu inayosubiri maji ya nje, wala hakuna molekuli ya maji inayozurura. Hii ndiyo sababu fuwele safi ya maji sita, iliyokauka juu, ukiishika kwa kibanio haiachi alama ya maji kwenye karatasi ingawa zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni maji.

Mpangilio huu haukukisiwa. C. A. Beevers na H. Lipson waliutoa hadharani mwaka 1932 kwa kutumia eksirei, miaka miwili kabla hawajafanya vivyo hivyo kwa mrututu, na hesabu zote zilifanywa kwa mkono. Chumba kimoja cha fuwele hiyo, kile kinachojirudia pande zote, ni cha mraba kitakoni: angstromu 6.78 kwa 6.78, kimo 18.28, na ndani yake mna nikeli 4. Nikeli hizo zinapanda kwa mzunguko kama ngazi za mnara, ama kwa kulia ama kwa kushoto. Kwa hiyo fuwele ya salfeti ya nikeli ya maji sita huzungusha mwanga uliopolaizishwa (unaotikisika katika bapa moja tu), ingawa si nikeli, si salfeti wala si maji yaliyo na mkono wa kulia au wa kushoto yakiwa peke yake. Iyeyushe, na tabia hiyo inatoweka papo hapo. Mimi sijui ushahidi mzuri kuliko huu wa kuonyesha kwamba maji yale ni sehemu ya jengo.

Kuna chumvi ya pili, ya maji saba, na hii ndiyo inayoleta taabu ghalani. Molekuli sita zimekaa kwenye nikeli kama kawaida. Ya saba haiigusi nikeli. Imeshikiliwa na bondi za haidrojeni peke yake: inapokea kutoka kwa maji yaliyo kwenye nikeli, na haidrojeni zake mbili inazitoa kwa majirani. Mrututu nao una maji ya namna hii, manne kwenye shaba na la tano katikati. Umbo la fuwele ya nikeli ya maji saba ni sawa na la chumvi ya Epsom inayouzwa famasi, isipokuwa mahali pa magnesiamu pamekaa nikeli. Kwa kuwa molekuli ya saba haina nanga kwenye metali, ndiyo ya kwanza kuondoka. Katika hewa kavu fuwele inayong'aa hupata ukungu juu yake, kisha ngozi ya unga uliopauka. Na katika mmumunyo wake uliokolea, mpaka kati ya maji saba na maji sita uko kwenye nyuzijoto 31.5 za Selsiasi.

Tuitazame tarakimu hiyo, 31.5, kwa macho ya mtu wa Kahama au Dar es Salaam. Ghala la bati mchana wa Januari hupita hapo bila shida. Mfuko wa chumvi ya maji saba uliofungwa barabara ukipata joto hilo, molekuli ya saba inaachiliwa lakini haina pa kwenda. Inayeyusha sehemu ya chumvi ndani ya mfuko. Usiku joto likishuka, mmumunyo ule unaganda upya katikati ya punje na kuzigundisha. Baada ya siku kadhaa za joto na baridi mfuko umekuwa jiwe, na mwenye mali anamlaumu mvua au mpakiaji. Kinyume chake pia hutokea: chumvi ya maji sita ikiachwa wazi mahali penye baridi na hewa nzito ya masika, huvuta maji na kuwa ya maji saba, na kila kilo 25 huongezeka kilo 1.7 bila hata gramu moja ya nikeli kuongezwa. Dawa ni kuchagua chumvi ya maji sita tangu kwenye kukuza fuwele, kuifungasha baada ya kupoa (mfuko ukifungwa chumvi ikiwa ya moto, mvuke hutonea ndani), kutumia mfuko wa ndani wa plastiki uliozibwa kwa joto, na kuweka mizigo juu ya mbao, mbali na ukuta.

Sasa nije kwenye maabara, maana huko ndiko neno "unyevu" linakofanya uharibifu mkubwa. Utaratibu wa kawaida wa kupima unyevu wa udongo, nafaka au mchanga wa madini ni kuweka sampuli kwenye oveni ya nyuzi 105 usiku kucha na kupima uzito uliopungua. Ukiifanyia hivyo salfeti ya nikeli, unapata tarakimu isiyo na maana. Joto hilo linatosha kung'oa sehemu ya maji ya muundo, lakini halitoshi kuyang'oa yote, na kiasi kinachotoka hutegemea ukubwa wa punje, kina cha sampuli na muda uliokaa. Maabara mbili zenye mizani nzuri zitatofautiana, na zote zitakuwa hazijapima unyevu.

Anayetaka kupima unyevu wa juu ya punje, ule wa kweli, akamue sampuli kati ya karatasi za kuchujia, abadilishe karatasi mpaka ya mwisho ibaki kavu, apime kabla na baada. Asiiweke juu ya kikaushio kikali kama kloridi ya kalsiamu, kwani chumvi ya maji saba itaanza kuvunjika humo humo.

Anayetaka kujua idadi ya maji ya muundo afanye hivi. Achukue kikombe cha kauri kilichochomwa na kupozwa, apime ndani yake gramu 2.000 za chumvi iliyosagwa taratibu. Asisage kwa nguvu, kwa sababu msuguano pekee hupasha joto la kutosha kuitoa molekuli ya saba. Apandishe joto polepole hadi nyuzi 150, akae hapo nusu saa, maana akikimbia maji huchemka ndani ya punje na kuzirusha nje ya kikombe. Kisha aende nyuzi 400 kwenye tanuri kwa saa moja, apoze ndani ya chombo kikavu chenye mfuniko, apime, arudie mpaka uzito usibadilike. Kama alianza na maji sita, atabakiwa na gramu 1.178 za unga wa njano. Kama alianza na maji saba, gramu 1.102. Akipata 1.315 kutoka kwenye chumvi ya maji sita, ameishia njiani: molekuli moja ya maji bado imo. Hiyo ya mwisho ni sugu kwa sababu muundo umebadilika, na sasa oksijeni yake imeshikwa na nikeli mbili kwa wakati mmoja, kama boriti iliyoegemea nguzo mbili. Haitoki mpaka karibu nyuzi 300 au zaidi.

Na asipitilize. Moto wa gesi ukipigwa moja kwa moja chini ya kikombe mpaka kiwe chekundu, salfeti yenyewe huvunjika, hutoa moshi mkali wa oksidi ya salfa, na kuacha oksidi ya nikeli yenye rangi ya kijani iliyokolea au kijivu. Uzito utashuka chini ya 1.178, na mwanafunzi ataandika kwamba chumvi yake ilikuwa na maji manane au tisa. Ukiona majibu ya namna hiyo kwenye daftari, angalia rangi ya kilichobaki kabla ya kusahihisha hesabu.

Njia iliyo salama zaidi ni kupima nikeli badala ya maji. Pima gramu 0.6571 za sampuli, yeyusha, jaza hadi mililita 250. Kama kweli ni ya maji sita, huo ni mmumunyo wa moli 0.0100 kwa lita. Chukua mililita 25 kwa pipeti, tia amonia kufikisha pH ya 10 hivi, weka kidogo mureksidi, yaani rangi ya kuonyesha mwisho, kisha dondosha EDTA (kemikali inayoikamata nikeli) ya moli 0.0100 kutoka kwenye bureti mpaka unjano ugeuke zambarau. Itatumika mililita 25.0. Ikitumika 23.4, una chumvi ya maji saba mkononi, hata kama kibandiko kinasema sita. Karibu na mwisho dondosha tone kwa tone, kwa kuwa nikeli huachana na maji yake taratibu kuliko shaba au zinki, na mwenye haraka huipita alama. Yapo pia maabara yanayotumia dimethilglaioksimu, kemikali inayotoa masimbi (chembe zinazojitenga na mmumunyo na kutuama) mekundu yenye nikeli asilimia 20.3. Nayataja kwa sababu ndani ya masimbi hayo mna bondi za haidrojeni fupi ajabu, oksijeni hadi oksijeni angstromu 2.44 tu, zinazofunga duara zima kuizunguka nikeli.

Shule zinazotaka kukuza fuwele zenyewe zinaweza, ila kwa tahadhari nitakazozitaja. Pasha mililita 100 za maji yaliyokenekwa hadi nyuzi 45, tia matone machache ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa ili nikeli isijitenge kama ukungu wa hidroksidi, kisha ongeza chumvi huku ukikoroga mpaka kidogo kibaki bila kuyeyuka. Chuja kikiwa cha moto. Kama unataka maji saba, acha mmumunyo upoe hadi nyuzi 25 mahali pasipotikisika, na utapata fuwele ndefu za kijani. Kama unataka maji sita, mmumunyo ukae kati ya nyuzi 35 na 45 muda wote na upungue kwa kuvukiza chini ya karatasi iliyotobolewa. Fuwele zake ni pana, za kijani chenye ubuluu, na hupasuka vizuri kama kurasa kwa upande mmoja. Ukipita nyuzi 53 unaingia kwenye aina nyingine ya maji sita, yenye mpangilio tofauti, na hapo fuwele uliyoianza huharibika. Kosa la kila mara ni kuzima kipasha joto usiku: asubuhi fuwele nzuri ya maji sita imevikwa gamba la maji saba, na hapo hakuna namna ya kuisafisha ila kuyeyusha upya.

Tahadhari zenyewe ni hizi. Michanganyiko ya nikeli husababisha saratani vumbi lake likivutwa, na ngozi ikishapata mzio wa nikeli inaweza kuwashwa nayo maisha yote. Glavu ni lazima, kusaga kufanywe kwenye kiasi kidogo kilicholowa au chini ya kivuta hewa, na mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Tia kaboneti ya sodiamu mpaka pH ifike 9 au 10, nikeli itatuama kama tope la kijani kibichi, mwaga maji ya juu yakishakuwa maangavu, yasiyo na rangi kabisa, na kupimwa, tope likusanywe kwenye chombo chenye jina.

Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosoma miundo ya fuwele nina neno moja la ufundi. Eksirei huona elektroni, na haidrojeni ina elektroni moja tu, tena iliyovutwa upande wa oksijeni. Kwa hiyo haidrojeni ya eksirei huonekana angstromu 0.82 au 0.85 kutoka kwenye oksijeni, wakati nyutroni, zinazoona kiini chenyewe, huiweka 0.97. Usiandike ya kwanza ukadai ni urefu wa bondi. Unapoweka haidrojeni za maji kwenye programu, usiziache ziwekwe kwa pembe za kubuni. Tafuta kwanza oksijeni zilizo umbali wa 2.6 hadi 3.0, chora mistari, kisha hakikisha kila haidrojeni ina pa kwenda na pembe yake haiko chini ya nyuzi 150. Haidrojeni mbili za molekuli tofauti zikitazamana kwa umbali chini ya 2.0, moja imewekwa vibaya. Na katika chumvi ya maji sita, ikiwa umemaliza na oksijeni moja ya salfeti isiyopokea hata bondi moja wakati nyingine inapokea tano, rudi nyuma.

Mwisho ni ombi kwako, Mhariri, na kwa waandishi wa habari za madini. Tani moja ya nikeli hutoa tani 4.48 za chumvi ya maji sita, au tani 4.79 za chumvi ya maji saba. Lori la tani 30 za maji sita limebeba nikeli tani 6.70, lori hilohilo likiwa na maji saba limebeba 6.27. Tofauti ni kilo 430 za metali kwa lori moja, na kwa macho magunia yote mawili ni ya kijani. Kwa hiyo mnapochapisha tani, tuambieni ni tani za nikeli au tani za chumvi, na kama ni chumvi, ni ya maji mangapi. Neno "unyevu" libakie kwa maji yaliyo juu ya punje, yale yanayokauka kwenye karatasi ya kuchujia.

Mwalimu wa kemia,
Kagera